Mwenye Jina Langu Kutoka Kibondo

Nafanya kazi mapokezi katika kituo cha afya, hapa Kasulu. Kazi yenyewe ni majina. Asubuhi napokea kadi dirishani, natafuta faili, kisha naita. Kuna majina ambayo nikiyaita wanasimama watu watatu, kila mmoja anasema ni yeye, na wote wanasema kweli. Majina ya kwetu ni sentensi nzima. Mtoto akizaliwa mzazi anatamka jambo lililo moyoni mwake, na hilo linakuwa jina: tumemngoja sana, Mungu ameona, majirani wamechoka kunisema. Kwa hiyo foleni yangu ya asubuhi ni kama watu wanaojibizana. Huyu anashukuru, anayemfuata analalamikia jirani aliyekufa zamani.

Jina letu la ukoo maana yake ni "Watacheka". Kwa Kiha ni neno moja tu, fupi. Sitaliandika hapa, kwa sababu tuko wachache mno. Nikiliandika nitakuwa nimewataja ndugu zangu wote kwa mkupuo, na wengine hawapendi kuandikwa. Nikiwa darasa la nne nilituhesabu kwenye jalada la daftari. Tulikuwa kumi na wanne, na kila mmoja nilijua analala nyumba gani. Wengi Kasulu mjini, wachache Muyama kwa shangazi, mmoja Dar es Salaam ambaye alikuwa anarudi Krismasi na kuongea kama redio. Baadaye, katika miaka yangu yote ya dirishani, sikuwahi kuliita jina hilo hata mara moja. Nilikwisha amini kwamba nje ya familia yetu halipo.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumatatu, msimu wa mvua, sakafu imejaa matope mekundu. Nikachukua kadi ya juu, nikaita jina la kwanza, nikaita la pili, la tatu nikaisogeza kadi karibu na macho. Lilikuwa langu.

Nikadhani nimekosea. Mtu akichoka anaweza kuandika jina lake kwenye karatasi ya mwingine. Lakini mwandiko haukuwa wangu. Ikabidi niliite. Mbele ya watu sitini nikatamka jina langu mwenyewe, na nikajisikia kama najiita nikapimwe malaria.

Akasimama kijana mrefu, shati limefungwa vifungo vya kupishana, jicho la kushoto limevimba mpaka limefumba kabisa. Akaja dirishani taratibu huku akipapasa viti.

"Kaka, hili jina ni lako?"

"Ndiyo, dada."

"La baba yako?"

"La baba, na la babu."

"Naomba kitambulisho."

Pale dirishani huwa hatuombi kitambulisho mtu aliyevimba jicho. Alinipa hata hivyo, na jina lilikuwepo, herufi kwa herufi.

"Kuna tatizo?" akauliza.

Nikainua beji yangu iliyoning'inia shingoni, nikaibandika kwenye kioo. Akasogeza lile jicho zima, akasoma, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasogea tena akasoma upya.

"Mimi nilijua tuko tisa tu," akasema.

"Sisi kumi na wanne."

Tukabaki tunatazamana. Mama mmoja nyuma yake akauliza kama kadi zimekwisha. Nikamuuliza yule kijana ni nani aliyempiga.

"Nyuki," akasema. "Hawakunipiga. Niliwaudhi."

Nilicheka. Nilicheka hadi mwenzangu wa famasi akafungua mlango kuangalia. Aliyekuwa na jicho moja naye akacheka, na kila akicheka lilimuuma, na kila likimuuma alizidi kucheka.

Siku ya tatu alirudi, uvimbe umepungua, akiwa na chupa ya asali. Alikuwa mfugaji wa nyuki Kibondo, mizinga yake iko upande wa Mtendeli, karibu na ilipokuwa kambi ya wakimbizi, ambako miti imeanza kurudi. Kasulu alikuja kuuza. Akaiweka chupa dirishani, na kwenye lebo limeandikwa jina letu kwa wino mweusi. Wenzangu waliiona wakaniuliza lini nimefungua biashara.

Sikujua nimhifadhi vipi kwenye simu. Nikaandika jina la ukoo peke yake. Basi kila alipopiga nilikuwa kama najipigia mwenyewe, na nilipokea kwa haraka kuliko mtu yeyote anavyopaswa kujipokea. Alinielezea namna ya kumpooza nyuki kwa moshi, jinsi asali ya mwezi huu isivyofanana na ya mwezi ujao. Mimi nilimwelezea foleni. Nilianza kuimba nikifagia. Mama aliniuliza kama naumwa.

Baada ya miezi saba akaniambia anataka kuja nyumbani kujitambulisha. Nilimwambia aje Jumapili baada ya ibada. Sikumwambia baba jina la mgeni. Nasema ukweli: nililisahau makusudi.

Alikuja amenyoa, shati limefungwa sawasawa, ameshika galoni la asali la lita tano. Alimwamkia baba kwa heshima ya kwetu, amechuchumaa kidogo, anapiga makofi taratibu. Baba alifurahi, vijana wengi siku hizi wanatoa mkono tu. Mama akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba alipouliza, "Na unaitwa nani, mwanangu?"

Akataja majina yake matatu. Baba akaweka kikombe chini.

"Rudia la mwisho."

Akarudia.

"Hilo ni langu," baba akasema.

"Ndiyo, mzee. Niliambiwa."

"Uliambiwa, na bado umekuja."

Mama alinyanyuka akaenda jikoni kwa haraka. Nilijua anakwenda kucheka. Baba hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Binti yangu, unajua ukoo wetu hauoani. Umeniletea ndugu yako nyumbani nimpe chai?"

"Baba, yeye ni mtu wa Kibondo."

"Watu wanahama."

"Babu yake alitoka ng'ambo, Burundi."

"Watu wanahama kwenda, na wanahama kurudi." Baba ni fundi seremala, hapigi msumari kabla ya kupima mara tatu. "Sisemi hapana. Nasema sijui. Nendeni kwa shangazi yako Muyama, yeye ndiye anayejua jina lilikotoka. Mkija na jibu nitasikiliza. Mpaka hapo huyu ni mwanangu na wewe ni mwanangu, na mkae viti tofauti."

Tulikaa viti tofauti. Tulikula mihogo yote tukiangaliana kutoka pande mbili za sebule, na mimi, Mungu anisamehe, sikuona hatari yoyote. Niliona vichekesho tu.

Jumamosi iliyofuata alinipandisha pikipiki yake tukaenda Muyama. Barabara inapanda na kushuka katikati ya migomba na kahawa, ukungu ulikuwa haujaondoka, na kila kilima tulichokivuka aliniuliza kama naogopa nami nikamjibu ndiyo ili azidi kuniuliza. Shangazi tulimkuta jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Ni dada mkubwa wa baba, mwembamba, anasikia vizuri kwa sikio moja na analitumia pale anapotaka. Nilimweleza yote. Alimtazama mgeni juu mpaka chini.

"Huyu naye anaitwa hivyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nani kampa ruhusa?"

Kisha akatusogezea maharage tuchambue, akatusimulia.

Bibi yake mzaa baba, alisema, alikuwa mama mtu mzima, ana wakwe tayari, pale tumbo lilipoanza kuonekana. Mkwewe naye alikuwa mjamzito. Wanawake wawili wa nyumba moja, mama mkwe na mke wa mwanawe, wakawa wanakwenda mtoni wakiwa na matumbo yanayolingana, na kijiji kizima kinatoka nje kuangalia. Watu walicheka kisimani, walicheka shambani. Alipojifungua, wakunga wakamuuliza mtoto ataitwa nani. Akasema: Watacheka. Waacheni wacheke. Yule mtoto ndiye babu yangu.

"Alizaliwa wa mwisho, na mtoto wa kaka yake alimtangulia kwa siku mbili," shangazi akasema. "Walikuwa wanapigana kila siku nani amwamkie mwenzake."

Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Shangazi alicheka zaidi yetu, anajipiga paja. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayeongeza chumvi.

"Zamani kila mtoto alipewa jina lake peke yake. Ndugu zake hawakuitwa hivyo. Ni shule na serikali zilizotaka jina la ukoo, ndipo sisi watoto wake tukalibeba. Kwa hiyo anayebeba jina hili ametoka kwake. Hakuna mahali pengine pa kutokea."

Kicheko kikaniishia.

"Na Kibondo," akasema, "alikwenda kaka yangu mkubwa. Aliondoka kijana na baiskeli, anauza dagaa. Alisema anakwenda Kibondo, atarudi baada ya mavuno. Hatukumwona tena." Akamtazama mgeni wetu, safari hii kwa muda mrefu. "Babu yako alikuwa na baiskeli?"

"Sikumjua babu," akajibu. "Alikufa kabla sijazaliwa. Na baba alifariki nikiwa sekondari."

"Aa," shangazi akasema, na akaendelea kuchambua.

Wakati wa kurudi sikumshika kiuno. Nilishika keria ya nyuma kwa mikono miwili. Katikati ya njia alisimamisha pikipiki, akashuka, akavua kofia.

"Nitazame masikio," akasema.

"Ya nini?"

"Nitazame tu. Yanafanana na ya nani?"

Nikatazama. Naapa yalikuwa ya baba. Makubwa, yamesimama mbali na kichwa, na ncha zimejikunja. Nikasema masikio yote ya duniani yako hivyo. Akanishika mkono akaweka kidole chake cha shahada kando ya changu. Vilikuwa vidole viwili. Tulivipima hapo barabarani, tukapima na pua, tukapima na kucha za miguu, tumevua viatu kwenye nyasi zenye umande, hadi mzee mmoja aliyekuwa anapita na ng'ombe akatuuliza kama tumepotea. Tulianza kucheka tena, lakini mimi machozi yalikuwa yananitoka.

Wiki ile nilifanya kazi vibaya. Nilimwita mgonjwa mmoja mara tatu akiwa amesimama mbele yangu. Kichwani nilimwona mtu mmoja tu, kijana mwenye baiskeli na dagaa, anapita Kibondo na kuvuka kwenda Burundi, na kila siku alizidi kupata masikio makubwa.

Jumamosi ya pili tukaenda Kibondo kwa basi la asubuhi, kwa bibi yake mzaa baba. Alikuwa amebaki yeye peke yake wa kuulizwa. Bibi huyo hatoki nje sana, miguu imemchoka, lakini mdomo wake uko imara. Kiswahili anakijua na hakipendi. Aliongea Kirundi chake, mimi nikajibu Kiha changu, tukaelewana kama mtu na jirani yake. Mjukuu wake anamwita "mume wangu", kama bibi wote wanavyotania wajukuu wa kiume, kwa hiyo aliponiona tu mlangoni alisema, "Ehe, mke mwenzangu umefika. Nani atachota maji leo?"

Nikachota maji. Niliporudi nilikuta mjukuu wake ameshashindwa kuvumilia.

"Bibi," akauliza, "babu alikuwa na baiskeli?"

"Babu yako? Baiskeli angeitoa wapi? Alivuka mpaka na jembe na mimi. Baba yako nilikuwa nimembeba mgongoni."

"Alivuka kutoka wapi?"

"Kwani wewe unadhani tunaongea Kirundi kwa sababu ni kizuri? Alizaliwa huko. Na baba yake alizaliwa huko."

Nikakaa chini, kwenye mkeka. Lakini baba angetaka kipimo cha tatu. Nikamuuliza bibi, kwa adabu niliyoweza, mumewe alipewa jina la Watacheka kwa sababu gani.

Bibi akanitazama kama nimemtukana.

"Hakuitwa hivyo," akasema.

Mjukuu wake akageuka polepole. "Bibi, mimi naitwa hivyo."

"Wewe unaitwa hivyo. Baba yako aliitwa hivyo. Babu yako hapana."

Akaagiza Biblia yake. Ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kitenge, na katikati ya kurasa zake kulikuwa na kadi ya ubatizo, ya rangi ya chai, kona zimelika. Mjukuu akaisoma kwa sauti. Jina la mbatizwa halikuwa letu. Lilikuwa linafanana nalo kama mtu na binamu yake: herufi mbili tu tofauti. Lakini maana ilikuwa nyingine kabisa. Jina lile maana yake ni "Wataacha". Kwamba watu wataviacha hapa duniani vyote wanavyogombania.

"Sasa ilikuwaje?" nikauliza.

Ilikuwa hivi. Baba wa mjukuu alipopelekwa kuanza shule hapa Kibondo, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa mtu wa pwani, mpole, mgeni wa lugha ya huku. Akauliza jina la baba. Mtoto alikuwa na aibu, alikuwa anatafuna kola ya shati. Akalisema jina ndani ya kola. Mwalimu akaandika alichosikia. Nyumbani hakuna aliyejua kusoma, na walipokuja kujua mtoto alikwisha maliza darasa la saba, cheti kimetoka, na wadogo zake wameandikishwa kwa jina hilo hilo.

"Babu yako alikasirika?" nikamuuliza mjukuu wake, nikisahau kwamba hakumjua. Bibi ndiye aliyejibu.

"Alikaa siku mbili hasemi. Siku ya tatu akasema, huyo mwalimu ametuonea huruma. Sisi tulikuwa tunaacha, yeye ametuambia tucheke." Akanyoosha miguu yake. "Mimi naona alikuwa mvivu tu wa kurudi shuleni kubishana."

Nilisimama bila kujua nasimama kwa nini. Nikamkumbatia bibi, nikamkumbatia mjukuu wake mbele yake bila haya, nikatoka nje, nikarudi ndani. Nakumbuka nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Yeye alikuwa amekaa na kadi mkononi, anacheka kimya kimya, mabega yanatikisika.

"Ina maana si ndugu yako," akasema.

"Si ndugu yangu."

"Hata kidogo."

"Hata kidole."

Bibi akauliza kama sasa tutaendelea kuambiana hivyo mpaka jioni au kuna mtu atapika.

Baba aliisoma ile kadi akiwa amevaa miwani. Aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. Kisha akachukua penseli ya useremala kutoka sikioni, akaandika majina yote mawili kwenye ubao wa mninga aliokuwa anaupiga randa, moja chini ya jingine, akazungushia herufi zilizotofautiana.

"Mbili," akasema.

"Mbili, baba."

"Basi kaeni kiti kimoja."

Mama alipiga kigelegele hadi majirani wakaja kuuliza, na ilibidi kuwaelezea wote toka mwanzo. Tulipofika kwenye kola ya shati walitaka waelezewe tena.

Kabla ya ndoa tuliongea kama arudishe jina la kweli la babu yake. Alikuwa tayari. Alikwisha uliza karatasi zinazotakiwa. Tulimpigia bibi simu. Bibi akasema amezika mume kwa jina moja na mtoto kwa jina jingine, na wote aliwapenda, kwa hiyo tusimsumbue. Tukaacha lilivyo. Kadi ya ubatizo tuliipeleka ikatiwa plastiki.

Siku ya kuandikisha ndoa karani alinirudishia fomu.

"Dada, hapa umejaza jina la mume. Jaza la kwako."

"Ndilo langu."

"Hili la baada ya ndoa. Nataka la kabla."

"La kabla ndilo hilo."

Alimtazama bwana harusi, akanitazama mimi, akaweka kalamu chini. "Ninyi ni ndugu?"

Tulianza kumweleza wote wawili kwa pamoja, mimi kutoka upande wa wanawake wawili wenye mimba, yeye kutoka upande wa kola. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakasogea wasikie. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa kiganja, akagonga mhuri. Halafu akauliza jina hilo linaandikwaje, maana hajawahi kuliona.

Tulifunga ndoa kanisani Kibondo, mvua ikinyesha. Siku hizo tulikuwa tumefika ishirini na watatu, kumi na wanne wa kwetu na tisa wa kwao, na karibu wote walikuja. Yule wa Dar es Salaam alikuja akiongea kama redio. Wa Tabora, binamu wa mume wangu, alikuja na watoto ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu. Mchungaji aliposema wenye jina la bwana harusi wasimame wabarikiwe, walisimama watu wa pande zote mbili za kanisa, na akasita, akaangalia karatasi yake.

Shangazi alivaa kitenge kipya. Alikaa na bibi kwenye meza moja, wanabishana nani mwenye haki ya jina. Shangazi alisema lilizaliwa Muyama. Bibi alisema yeye alipewa bure na serikali, na cha kupewa hakirudishwi. Walilishana keki. Baba alipita na kuwaambia wapunguze sauti, wakamwambia akae.

Mvua ilipozidi tukahamisha viti ndani ya ukumbi wa shule. Umeme ukakatika, mtu mmoja akaanza kupiga ngoma, na mume wangu akanivuta mkono. Tulicheza nikiwa nimeshika pindo la gauni na viatu nimeviacha mlangoni, tope jekundu mpaka magotini.